Majani ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Mwaka 2011, kwa wiki tatu mfululizo, niliamka saa kumi usiku nyumbani kwa shangazi yangu kule Bahati, nikachukua tochi na kisu, nikaingia kwenye shamba lake la spinachi jogoo wakiwa bado wanajibizana. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimechuma ya kunitosha. Nilikuwa mwaka wa nne chuoni, na mradi wangu wa kuhitimu ulihusu kimeng'enya kimoja (protini ya kuharakisha kazi ya kikemia) kinachofanya kazi ndani ya kloroplasti, vile vijifuko vya kijani ambamo jani hutengenezea sukari. Nilijiambia kwamba kipimo safi kinataka jani bichi, na kwa habari za ubichi wa jani sikuona haja ya kumsumbua mhadhiri. Niliwauliza mama mboga. Wao huchuma gizani, umande ukiwa bado umelala juu ya mboga, kwa sababu jani la alfajiri linakaa sokoni kutwa nzima bila kunyauka.

Basi nami nikachuma gizani. Majani niliyatia kwenye mfuko mweusi wa plastiki (marufuku ya mifuko ile ilikuja baadaye, 2017), mfuko nikautia kwenye kasha la barafu, kasha nikalipakata kwenye matatu hadi mjini Nakuru, kisha matatu ya pili hadi chuoni. Saa mbili na nusu nilikuwa maabarani, koti jeupe mwilini, najiona mwanasayansi.

Jina la kimeng'enya changu ni refu, fruktosi-bisfosfatasi. Sisi tulikiita fosfatasi tu. Kazi yake ni kuing'oa fosfati moja kutoka kwenye sukari iliyobeba fosfati mbili. Usiidharau kazi hiyo. Ni hatua isiyorudi nyuma, na bila hiyo jani haliwezi kuweka wanga wala kuitengeneza upya ile sukari inayonasa hewa ukaa. Kukipima hakutaki mashine ya ajabu. Unatwanga jani kwenye kinu kidogo cha kauri kilichokalia barafu, unachuja, unazungusha maji yake kwenye sentrifuji, halafu unayachanganya na ile sukari, magnesi kidogo, na bafa ya kushikilia pH, yaani kipimo cha asidi, kwenye 8. Baada ya dakika kumi unaisimamisha kazi kwa asidi, unatia molibdeti, na fosfati iliyong'oka inageuka buluu. Buluu ikikolea, kimeng'enya kimechapa kazi. Ikipauka, kimekaa bure.

Yangu ilikuwa buluu ya shati la sare lililofuliwa miaka mitatu. Nilirudia. Nikarudia tena. Tofauti kati ya mirija yangu na ule mrija wa ulinganisho, usio na maji ya jani hata tone, ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilinibidi kuiinua dirishani na kufumba jicho moja.

Nilitafuta wa kulaumu, na sikukosa. Kwanza ile sukari, iliyoagizwa kwa bei ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka. Nikasema imeoza njiani. Kisha stima, iliyokuwa ikipotea kila tukikaribia kuwasha sentrifuji. Kisha friji ya maabara, na hapo nilimkosea heshima fundi wa maabara, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilimwambia friji yake haipoi sawasawa. Alinitazama juu ya miwani. "Binti yangu," akasema, "friji hii ilianza kazi kabla hujazaliwa. Wewe umeanza lini?"

Kilichoniuma zaidi ni mwenzangu wa benchi ya pili. Siku moja alinikopa majani yangu, yaleyale ya Bahati, akayatwanga kwenye kinu kilekile, na mirija yake ikatoka buluu kama wino. Alikuwa mtu wa kujisifu hata asipokuwa na sababu, na siku hiyo alikuwa nayo. Nilirudi kwa shangazi nikijiuliza kama mkono wangu una nuksi.

Ijumaa ya wiki ya tatu nililala kupita kiasi. Usiku uliotangulia tulikuwa tumekesha tukimenya viazi vya ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu, na nilipofungua macho jua lilikuwa limeshapanda. Nikafika chuoni karibu saa saba mchana bila jani hata moja. Nyuma ya maabara yule mzee alikuwa na kitalu chake kidogo cha spinachi, cha kujikimu kwa chakula cha mchana. Nilimwomba majani mawili. Alinipa huku akitikisa kichwa. Nikayachuma jua likiwa utosini, nikakimbia ngazi, nikayatwanga kabla hayajapoa mkononi, maana nilikuwa na hofu kwamba mlango ungefungwa saa nane. Sikuwa na wazo lolote kichwani zaidi ya kuwahi.

Mirija ikatoka buluu.

Sasa, mtu mwenye akili angeuliza swali sahihi papo hapo. Mimi nilimuuliza mzee anatumia mbolea gani. Alicheka hadi akakaa chini. Ilinichukua wikendi nzima kufikiria kwamba tofauti huenda haikuwa ya udongo. Jumapili nililala bwenini, Jumatatu saa kumi na moja na nusu nikatambaa nyuma ya maabara na tochi, nikachuma kwenye mche uleule. Buluu iliyopauka. Saa saba mchana, mche uleule, jani la jirani yake. Buluu iliyokolea. Nilifanya hivyo siku tatu, mpaka mzee akaniambia nimemmalizia mboga.

Msimamizi wangu, daktari wa biokemia ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alipitisha macho kwenye daftari, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Umekuwa ukitwanga majani yaliyolala," akasema. Na alipoona sijaelewa: "Jani la usiku lina kimeng'enya chote unachokitafuta. Kipo. Kimefungwa tu."

Hapo ndipo nilipolazimika kuyaacha niliyoyakariri tangu shule ya upili. Nilifundishwa, na ninajua wengi walifundishwa, kwamba usanidinuru una hatua mbili: hatua ya nuru, ambapo mwanga unapasua maji na kutengeneza nishati, na hatua ya giza, ambapo hewa ukaa inageuzwa sukari. Jina hilo la pili lilikusudiwa kusema kwamba hatua yenyewe haimezi mwanga moja kwa moja. Lakini kichwani mwa mwanafunzi hatua ya giza inakuwa kazi ya zamu ya usiku: jua likizama, mitambo ya sukari inawashwa. Mimi niliamini hivyo kiasi kwamba kuchuma gizani sikukuona kuwa kosa. Kama kuna wakati ambapo kimeng'enya cha hatua ya giza kingekuwa kazini, si gizani? Hata akina Melvin Calvin, walioifumbua njia hiyo ya sukari kule Berkeley, Marekani, kwa kutumia kaboni yenye mionzi, walikuwa wakiwamulika mwani wao kwa taa kwenye chupa bapa. Walipozima taa, mzunguko ulikwama. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia 1961, na neno giza likabaki vitabuni hata hivyo.

Ilikuwa Berkeley hukohuko, katika maabara ya Daniel Arnon, ambapo Bob Buchanan na wenzake waliandika mwaka 1967 kwamba fosfatasi ya kloroplasti inaamshwa na feredoksini. Feredoksini ni protini ndogo yenye chuma na salfa, inayopokea elektroni mwishoni mwa ile hatua ya nuru. Ni kama makanga wa matatu: pesa haikai mkononi mwake, anaipokea huku na kuitoa kule. Swali lilikuwa anaitoa kwa nani. Jibu lilichukua miaka kumi. Katikati palikuwa na protini nyingine, thioredoksini, iliyojulikana tangu 1964 kutoka kwa bakteria na ambayo hakuna aliyeitarajia kwenye jani. Mwaka 1977 Buchanan na Ricardo Wolosiuk walionyesha kwamba hiyo ndiyo inayopeleka elektroni za mwanga hadi kwenye kimeng'enya. (Wao walitumia spinachi halisi, nadhani ni haki niseme. Tunayoiita spinachi kwenye soko la Nakuru, ile yenye bua nene jeupe, ni ndugu wa kiazisukari. Jina tumelikopa tu.)

Lakini kusoma ni jambo moja. Nilielewa kweli siku ambayo msimamizi alinipa kichupa kidogo cha kemikali iitwayo ditiothreitoli, akaniambia nitie kiasi kidogo kwenye maji ya majani yangu ya alfajiri, nisubiri, kisha nipime. Nilifungua kifuniko na pua yangu ikanirudisha Kaptembwo, mtaa wa Nakuru nilikokulia.

Mama yangu ni msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na kituo cha matatu, na nilikulia ndani yake nikikunja taulo. Wateja wa siku za mishahara walikuja kuwekwa kali, zile nywele za mawimbi zenye kung'aa mafuta, na kazi ile ilikuwa na harufu yake ambayo ukishaijua huisahau, harufu kama ya yai lililokaa, iliyochanganywa na marashi ya kuificha. Chupa zilikuwa mbili. Ya kwanza Mama aliiita dawa ya kufungua. Unapaka, nywele zinalegea, zinapoteza ukaidi wake, unazizungusha kwenye rola utakavyo. Ya pili ilikuwa dawa ya kufunga. Ukisahau ya pili, mteja anaoga kesho yake na shilingi zake zote zinaondoka na maji. Kosa hilo nililifanya mara moja nikiwa na miaka kumi na miwili, na sikuliona tabasamu la Mama wiki nzima.

Nilisimama maabarani na kile kichupa puani kama mtu aliyepigwa na butwaa. Ilikuwa harufu ileile, ya salfa. Na haikuwa bahati nasibu. Nywele ni protini, na ugumu wake unatokana kwa sehemu kubwa na madaraja ya salfa: salfa ya hapa imeshikana na salfa ya pale, kamba na kamba. Dawa ya kufungua inazipa salfa hizo elektroni pamoja na hidrojeni, nazo zinaachana. Dawa ya kufunga, ambayo mara nyingi ni peroksidi ya hidrojeni au bromati, inazinyang'anya tena, nazo zinashikana upya katika umbo jipya. Fosfatasi ya kloroplasti ina daraja la aina hiyohiyo. Usiku salfa zake zimeshikana, na umbo lake limejikunja kwa namna ambayo kazi haiendi. Asubuhi mwanga unapasua maji, elektroni zinapita hadi kwa feredoksini, feredoksini inampa kimeng'enya cha katikati, hicho kinampa thioredoksini, thioredoksini inalifungua daraja, na fosfatasi inanyooka na kuanza kazi. Kile kichupa kilifanya kwa kemikali kilichokuwa kikifanywa na jua.

Niliyasubirisha maji ya majani ya alfajiri na dawa yangu ya kufungua. Nikapima. Buluu, kama ya mchana.

Nilipokwenda nyumbani mwisho wa muhula nilimweleza Mama. Alikuwa anasuka mtu, vidole haviachi kwenda. Nilimwambia kwamba kila asubuhi jua linawawekea majani kali, na kwamba majani yangu yote ya wiki tatu nilikuwa nimeyachuma kabla hayajafika saluni. Mteja alicheka. Mama hakucheka. Alifikiria, akauliza, "Na jioni, nani anawatia dawa ya kufunga?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilisema oksijeni, hewa tu. Alinitazama kwa jicho lile la kusema hewa tu haijawahi kufunga nywele za mtu.

Nitalirudia swali lake. Kwanza nimtendee haki mwenzangu wa benchi ya pili, maana kisa chake kilinifunza jambo ambalo majani yangu yasingenifunza. Kwa nini yeye alipata buluu kutoka kwa majani yaliyolala? Tulikaa naye tukapitia daftari zetu mstari kwa mstari, na ikawa kwamba mita ya pH aliyoitumia ilikuwa haijasahihishwa. Bafa yake aliyodhani ni 8 ilikuwa karibu na 9, na magnesi aliipima mara mbili. Fosfatasi iliyofungwa si maiti. Ukiiwekea pH ya juu namna ile na magnesi nyingi inafanya kazi hata daraja likiwa limefungwa. Alikuwa amepata jibu zuri kwa makosa mawili, na mimi nilikuwa nimepata jibu baya kwa kufuata maagizo. Hakujisifu tena kuhusu siku ile, ingawa alipata mambo mengine ya kujisifia.

Lenye utamu ni kwamba makosa yake yaliigiza jambo ambalo jani lenyewe hufanya. Mwanga unapowaka, protoni zinasukumwa ndani ya vitabaka vya kijani vilivyomo kwenye kloroplasti, na majimaji yanayovizunguka, mnamofanyika kazi ya sukari, yanapoteza asidi: pH inapanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8. Kwa kipimo cha pH, hatua moja ni mara kumi. Wakati huohuo magnesi inatoka kwenye vitabaka na kuingia kwenye majimaji hayo. Kwa hiyo kimeng'enya hakiamshwi kwa njia moja. Daraja linafunguliwa, na chumba chenyewe kinabadilishwa hali ya hewa ili aliyeamka apate kufanya kazi.

Nilishangaa kwamba jani linajihadhari kiasi hicho, mpaka nilipofikiria hasara ya kutojihadhari. Usiku jani linaishi kwa kula akiba yake. Wanga uliowekwa mchana unavunjwa, na kuna njia nyingine ya kuchoma sukari humo humo ndani ya kloroplasti. Mlango wa njia hiyo unalindwa na kimeng'enya kinachotii amri ileile ya thioredoksini, lakini kinyume: elektroni zinazoifungua fosfatasi zinakilaza hiki. Mchana wa kujenga kazini na wa kubomoa kitandani, usiku wanabadilishana. Bila hivyo wangekuwa kazini pamoja, mmoja anajenga ukuta na mwingine anautoa matofali, na nishati ikiteketea bure. Hata ule mtambo unaotengeneza ATP, sarafu ya nishati ya jani, una kufuli ya salfa. Gizani, bila kufuli hiyo, ungeweza kuzunguka kinyumenyume na kuchoma ATP uliyoitengeneza mchana, kama kinu cha posho kinachorudisha unga kwenye gunia la mahindi, halafu kikadai pesa ya dizeli.

Rubisko, kimeng'enya chenyewe kinachonasa hewa ukaa, kina utaratibu wake ambao hauhitaji daraja la salfa. Ili kiwe tayari, molekuli moja ya hewa ukaa lazima ijibandike kwanza mahali maalumu na magnesi ije kuikalia. Hiyo si ile itakayogeuzwa sukari, ni ya kufungulia duka tu. Na Rubisko ina tabia ya kung'ang'aniwa na sukari zisizofaa, ndipo inahitaji msaidizi wa kuzing'oa, Rubisko-aktivasi, anayetumia ATP, kwa hiyo naye anategemea mwanga. Msaidizi huyo alijulikana miaka ya 1980 kupitia mmea mdogo wa arabidopsi uliozaliwa bila yeye. Maharagwe na viazi, vyakula viwili ambavyo Nakuru haiwezi kuishi bila hivyo, vina jambo la ziada: usiku vinatengeneza sukari maalumu inayoziba tundu la Rubisko, na asubuhi inang'olewa. Nikipita mashambani saa moja asubuhi kuna wakati nafikiria juu ya kazi hiyo ya kuzibua inayoendelea kimya kwenye kila jani la maharagwe, na watu wanapita na majembe wakiamkiana.

Nilihitimu. Daraja la mradi halikuwa la kutangaza, kwa sababu wiki tatu za majani yaliyolala zilikuwa zimeniachia muda mfupi wa kupima nilichoahidi kupima, yaani tofauti ya spinachi ya kivulini na ya juani. Kivuli nilikuwa nacho tele, ila kilikuwa cha usiku.

Siku hizi ninafundisha biolojia Kisumu. Hapa mazingira ni mengine: joto la ziwa, mawingu yanayojikusanya alasiri na kumwaga mvua, kisha jua tena. Nikienda ukweni Vihiga, shamba ni dogo na kila kitu kimepandwa juu ya kingine, maharagwe chini ya mahindi, mahindi chini ya migomba. Ukikaa kwenye kigoda adhuhuri utaona vipande vya jua vikitembea juu ya majani ya maharagwe, hapa sekunde chache, pale dakika moja. Zamani ningesema jani linapokea mwanga au halipokei, basi. Sasa najua kipande cha jua kikimwangukia aliyelala hakileti faida yake yote. Madaraja ya salfa yanataka dakika kufunguka, Rubisko inataka dakika zaidi, na matundu ya hewa ya jani nayo yana uvivu wake. Jani lililokaa kivulini kwa muda mrefu linaweza kuchukua dakika kumi na zaidi kufikia kasi yake kamili, na kipande cha jua kimeshahama. Lile lililomulikwa muda mfupi uliopita linawahi, maana bado halijafungwa. Nilimweleza mama mkwe haya siku moja tukipalilia. Alisema, "Kwa hiyo ni kama wewe kabla ya chai." Sikubisha.

Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Muhoroni inakatiza kwenye miwa, na miwa, kama mahindi, ina njia yake ya kunasa hewa ukaa ambayo Hal Hatch na Roger Slack waliieleza huko Australia mwaka 1966. Nilidhani mimea hiyo, kwa vile inapenda jua kali, haihitaji kuamshwa. Kumbe ndiyo yenye walinzi wengi. Kimeng'enya kimoja cha njia hiyo kinafunguliwa na thioredoksini kama fosfatasi yangu. Kingine kinafungwa usiku kwa kubandikwa fosfati, na protini inayoibandika gizani ndiyo hiyohiyo inayoibandua mchana. Mlinzi mmoja, funguo zote mbili. Wanafunzi wangu hulipenda hilo kuliko yote. Wanasema shule yetu pia ina mlinzi wa namna hiyo.

Na katika darasa langu sisemi hatua ya giza. Mtihani ukilitumia neno hilo nawaeleza maana yake na historia yake, kisha tunatoka nje. Kila kundi linachuma majani mawili ya mche mmoja, moja lililofunikwa kwa karatasi ya fedha tangu juzi na moja lililokuwa wazi, tunayachemsha, tunayatoa rangi kwa spiriti, tunadondosha iodini. La wazi linakuwa jeusi la samawati, lililofunikwa linabaki kahawia. Jaribio hilo halipimi kimeng'enya, najua. Lakini juu ya kila sahani nawataka waandike saa ya kuchuma na hali ya anga, na atakayesahau anarudia.

Swali la Mama lilikaa miaka saba. Mwaka 2018 watafiti wa Japani, Uhispania na Ujerumani, kila kundi kwa njia yake, walionyesha jinsi madaraja ya salfa yanavyofungwa jua linapozama. Oksijeni imo, lakini haifanyi kazi peke yake. Mchana elektroni chache zinaponyoka na kuangukia oksijeni, na mwisho wake ni peroksidi ya hidrojeni. Kuna protini iitwayo peroksiredoksini, inayoiondoa peroksidi hiyo kwa kutumia elektroni. Jua likiwapo, elektroni ni tele na hakuna anayepungukiwa. Mwanga ukikatika, protini hiyo inaendelea kudai, na thioredoksini zinalazimika kulipa kwa elektroni zilizokuwa kwenye vimeng'enya. Madaraja yanafungwa moja baada ya jingine. Peroksidi ya hidrojeni, chanzo cha yote hayo, ni ileile inayokaa kwenye chupa ya pili.

Niliposoma nilimpigia Mama simu hapohapo, saa za saluni, jambo ambalo hapendi. Nilimweleza haraka, nikimkumbusha lile swali. Nyuma yake redio ilikuwa inasema na mtoto wa mtu analia.

"Mimi nilikuambia si hewa tu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wao wanaiacha dakika ngapi?"

Nikamwambia vingine vinachelewa, lakini fosfatasi yangu inafungwa kwa dakika chache tu baada ya giza kuingia, haifiki nusu saa.

"Sawa na yangu," akasema, na nikasikia draya ikiwashwa.